Siku Chumvi ya Moa Ilipokataa Kugeuka Rangi

Saa nane mchana, wakati wenye nafasi zao hapa Moa, pwani ya Tanga, wamejinyoosha mikekani, Salme Miraji yumo jarubani, miguu mitupu, anavuta chumvi. Mkononi ana ubao uliopigiliwa kwenye mti mrefu. Anausukuma mbele, anauvuta nyuma, na kila akivuta, chumvi inakuja ikikwaruza kama changarawe na kujirundika mbele yake, kichuguu kidogo cheupe.

Jua linapiga kutoka juu, na chumvi inalirudisha kutoka chini. Salme amejitanda kanga mbili, "moja ya kichwa, moja ya macho," kama anavyosema mwenyewe. Jasho likimshuka anajifuta kwa mgongo wa mkono. Kiganja kimejaa chumvi, na chumvi ikishaingia jichoni, kazi imesimama hapo.

"Hii haitaki mtu wa pupa," anasema bila kuinua kichwa. "Ukivuta kwa haraka unakuja na tope. Unamwuzia nani tope?"

Majaruba yenyewe ni vidimbwi vipana, kina chake hakifiki kifundo cha mguu, vilivyochongwa kwenye ardhi tupu nyuma ya mikoko. Bahari ikijaa kupita kawaida wakati wa bamvua, maji huingizwa na kufungiwa humo. Kazi inayobaki ni ya jua.

Salme ana miaka hamsini na mitatu. Wazazi wake walivuka kutoka Pemba, baba akiwa mvuna karafuu na mama akiijua kazi ya chumvi, na yeye akazaliwa hapahapa. Baba alikufa na karafuu zake. Mama akamwachia binti ubao.

Anaishi na wajukuu zake wawili na dada mkubwa ambaye miguu haimbebi tena. Katika mwezi mzuri wa kiangazi, Salme hupata kama shilingi laki moja na nusu. Masika yakiingia hapati kitu, kwa maana mvua hujaza majaruba na chumvi yote inarudi kuwa maji. Kinacholisha nyumba miezi hiyo ni ile iliyokwisha kuvunwa na kuwekwa ghalani.

"Wengine akiba yao iko benki," anasema, na kwa mara ya kwanza anasimama wima, akanyoosha kidole kwenye banda la udongo lenye bati lililoshika kutu. "Benki yetu sisi ile pale."

Mapema mwaka huu, benki hiyo ilifungwa kwa kufuli ya serikali. Aliyefunga hakuwa mtu mbaya, na waliofungiwa hawakuwa wezi. Ila katikati yao palikosekana mtu mmoja anayejua.

Msomaji aliye mbali na bahari huenda halijui jambo hili. Chumvi ikitoka jarubani bado haijawa ya kuliwa na watu. Sheria inataka itiwe madini joto, ile dawa inayozuia rovu, yaani uvimbe wa shingo, na inayowasaidia watoto kuzaliwa na akili zao timamu. Dawa huyeyushwa katika maji, ikatiwa kwenye bomba la mgongoni kama lile la kupulizia mikorosho, kisha chumvi hupulizwa huku wengine wakiigeuza kwa mabeleshi.

Katika kikundi chao cha akina mama, mpulizaji ni Salme, tangu siku ya kwanza. Shoga yake Khairat Sheha anaeleza kwa nini walimchagua.

"Sote tulijaribu," anasema Khairat, mwanamke mwembamba mwenye mdomo usiopumzika. "Mimi ningepuliza upande mmoja nikaenda zangu kupika. Huyu atapuliza, atageuza, atapuliza tena, mpaka unatamani umpokonye bomba."

Basi mwishoni mwa kiangazi, mawingu ya masika yalipoanza kurundikana, ghala lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Mnunuzi alikuwa ameshasema lori lake linakuja, liichukue chumvi lipande nayo milimani, Maramba na Amani na kwingineko, ambako watu hawana bahari. Kabla ya lori akafika mkaguzi.

Alikuwa kijana, Kristofa Alexander, kutoka ofisi ya Tanga ya mamlaka inayosimamia vyakula. Wanawake wote wanakubali kwamba aliingia kwa heshima. Alivua viatu mlangoni. Alimwamkia kila mtu shikamoo, hata Khairat, ambaye mpaka leo hajamsamehe.

"Nimezeeka lini mimi?" anauliza Khairat.

Kristofa akafungua midomo ya magunia yaliyokwisha kujazwa, akachota chumvi kidogo, akaiweka kwenye kisahani, akaidondoshea dawa ya kupimia kutoka kichupa kidogo. Chumvi yenye madini joto hugeuka samawati iliyokolea, karibu na rangi ya tunda la zambarau. Chumvi ya Moa ikabaki nyeupe.

Akafungua gunia jingine, nyeupe. Akaenda la ukutani na la katikati, nyeupe vilevile.

"Nilikiangalia kile kisahani mpaka macho yakaniuma," anasema Salme. "Nikasema labda inachelewa. Nikamwambia, mwanangu, ngoja kidogo. Akangoja, muungwana yule. Haikugeuka."

"Mama, hii haina dawa," Kristofa akasema.

"Ina dawa. Nimeipuliza mimi mwenyewe."

"Kipimo kinasema haina."

"Basi kipimo kinaumwa."

Hakuna aliyecheka. Kristofa akawatoa wanawake nje kwa upole, akavuta mlango, akazungusha utepe, akatia kufuli. Akawaeleza kwamba chumvi ile isiuzwe wala isiliwe. Kama hakuna atakayeomba ipimwe tena, mamlaka itatoa amri imwagwe.

"Imwagwe wapi?" Khairat akauliza.

"Baharini, mama."

"Tulikoitoa," akasema Khairat.

Tangu hapo Salme alikuwa na mizigo miwili. Wa kwanza ulikuwa ghala, na masika yako mlangoni. Wa pili ulikuwa mzito zaidi, nao ni jina lake.

Maana dawa ya madini joto haiokotwi njiani. Kikundi huipata kwa taabu na kumkabidhi mpulizaji. Na Moa haiko mbali na mpaka wa nchi, pikipiki inakufikisha mara moja, na ng'ambo kule Vanga nako kuna majaruba. Watu wakajumlisha wenyewe. Wiki haikupita, maneno yakawa yamefika kisimani na dukani na kurudi: Salme alikuwa akipuliza maji matupu, na dawa akiivusha.

Khairat ndiye aliyemwuliza usoni. Wengine waliulizana wao kwa wao.

"Shoga, nakuuliza mara moja tu, sikuulizi tena," alimwambia wakiwa kisimani. "Dawa imekwenda wapi?"

"Imo ndani ya chumvi."

"Chumvi imesema haimo."

"Basi kati yangu na chumvi mmoja wetu mwongo. Na wewe unanijua mimi kuliko unavyoijua chumvi."

Khairat akajitwika ndoo yake akaondoka. Leo analieleza hilo bila kujificha. "Nilitaka kumwamini, wallahi. Lakini kile kisahani nilikiona kwa macho haya."

Salme akaacha kutoka. Kulikuwa na harusi kwa jirani, akapewa upawa agawe pilau kama ilivyo desturi yake, akaurudisha. "Niliona watasema hata nyama nitaivusha," anasema, na sasa anaweza kulicheka. Wakati ule hakulicheka. Wajukuu walirudi kutoka kucheza wakamwuliza, bibi, kwani kuvusha ni kufanya nini?

Siku ya pili yake alivaa baibui lake la safari akaenda Tanga.

Ofisini walimkaribisha. Alipewa kiti, akapewa na chai. Akaeleza shida yake kwa wa kwanza, akapelekwa kwa wa pili, naye akampeleka kwa wa tatu. Wote walikuwa watu wa adabu, na wote wakamwambia neno moja: ana haki ya kuomba chumvi ipimwe upya, lakini hilo ni jambo la kitaalamu, wao hawaliwezi. Mtaalamu wa zamani, aliyekuwa akija Moa miaka yote, alikuwa amestaafu, na nafasi yake haikupata mtu wa fani ile. Amebaki mkemia mmoja tu kwa pwani yote hii, kuanzia Moa mpaka Mkwaja, na siku hiyo alikuwa bandarini akipima shehena ya mafuta ya kupikia.

"Nikanywa chai yao nikiwaza," anasema Salme. "Kila mmoja ananiambia hili la kitaalamu mimi siliwezi. Nikajiuliza, sasa kule kufunga mliwezaje?"

Hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la barazani mpaka watu wa chakula cha mchana wakaenda na wakarudi. Alipofika yule mkemia, akiwa na koti jeupe lenye madoa ya mafuta, Salme hakungoja kutambulishwa.

"Shikamoo, mama," yule mkemia akasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari wa chumvi?"

"Mimi ni mkemia, mama. Naitwa Leticia."

"Basi ni huyohuyo. Nimekuja unipime."

"Nikupime wewe au chumvi?"

"Kwa sasa sisi ni kitu kimoja."

Leticia Nehemia akaketi naye palepale bencheni. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, akauliza maswali machache, akasema atakuja mwenyewe. Hakumwambia kwamba ana haki wala kwamba hana.

Akaja kweli, kwa bodaboda, manyunyu ya kwanza yakiwa yameanza, sanduku lake amelipakata kifuani kama mtoto. Nyuma yake bodaboda ya pili ilimleta Kristofa, amekunja uso. Ofisi ilitaka aliyefunga awepo wakati wa kufungua.

Kijiji kilikuwa kimejaa nje ya ghala. Wengine walikuja kumwona Salme akisafishwa, wengine walikuja kumwona akiumbuka, na Khairat anakiri hajui yeye mwenyewe alikuja kwa lipi.

Kristofa alipofungua kufuli, Leticia hakuanza na kisahani. Alianza kwa kuwataka wanawake wamsimulie kazi yao tangu maji yanapoingia jarubani. Wakasimulia. Alipowauliza wanavyopuliza, Salme akavaa bomba likiwa tupu, akamwonyesha mkono unavyokwenda. Mkemia akatikisa kichwa kukubali, akasema upulizaji huo hana la kuusahihisha.

Kisha akatoa sandukuni chuma chembamba, kitupu ndani, chenye ncha kali. Hicho ndicho bambo, kile ambacho wanunuzi wa mpunga hukichoma kwenye gunia ili wapate punje za katikati bila kulifungua. Akalichoma gunia ubavuni, akakivuta, akamwaga chumvi ya tumboni mwa gunia kwenye kisahani. Akadondosha dawa.

Ikageuka palepale, zambarau ya kuiva.

Vigelegele vikaanza. Leticia akainua mkono.

"Bado, akina mama."

Akafungua mdomo wa gunia lilelile, kama Kristofa alivyofanya. Akachota ya juu, akadondosha. Nyeupe. Wakangoja. Nyeupe.

"Hapo nikajiambia, kumbe afadhali nisingemwita," Salme anasema.

Leticia alikuwa akiisugua ile chumvi ya juu kati ya vidole vyake. Aliinusa. Akaisugua tena.

"Gunia moja, na aliyepuliza ni mmoja," akasema. "Katikati dawa ipo. Huku juu mmeweka nini?"

"Hatujaweka kitu," wanawake wakajibu kwa pamoja.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mama Salme, mkishajaza gunia mnafanya nini?"

"Tunashona."

"Kabla ya kushona."

"Kabla ya kushona?" Salme akawatazama wenzake. "Tunaipa poda."

"Poda gani?"

Khairat akasema, kana kwamba anamweleza mtoto, "Poda, binti. Chokaa."

Hivi ndivyo ilivyo. Akina mama wa Moa, kama walivyofundishwa na mama zao waliotoka visiwani, huchoma mawe ya pwani yakawa chokaa, wakaichekecha kwa kanga kuukuu mpaka ikawa laini. Gunia likianza kujazwa, kiganja cha chokaa hutangulia chini. Likijaa, kiganja kingine huwekwa juu. Chokaa inavuta unyevu, na chumvi haitoi jasho wakati wa mvua. Mwaka uliotangulia masika yalikuwa makali, magunia mengi yakayeyuka, ndiyo maana mwaka huu Salme alikuwa amewaambia wenzake wasiionee choyo, watie viganja viwiliviwili.

Na hakuna aliyemficha mkaguzi. Mtaalamu mstaafu alikuwa akipima lundo likiwa bado sakafuni, limetoka kupulizwa, halijaingia guniani, kwa hiyo poda hakuwahi kuikuta. Kristofa alikuja magunia yameshonwa. Wala kwa wanawake wale chokaa haikuwa kitu cha kutajwa.

"Mtoto akitoka kuoga humpaki poda?" anauliza Salme. "Sasa ukimpeleka hospitali, daktari akikuuliza mtoto amekula nini, utamtajia poda?"

Leticia hakuwakemea. Alitoa sandukuni kichupa cha pili, akaidondoshea ile chumvi ya juu iliyokataa. Ikatoa povu dogo, kama soda inayokata roho. Povu lilipotulia, akadondosha juu yake ile dawa ya kwanza.

Rangi ikaja. Ilikuja polepole, ikianzia pembeni, mpaka kisahani chote kikawa zambarau.

"Kipimo hiki hakifanyi kazi mpaka kiwe na uchachu," akawaeleza. "Chokaa inaumaliza uchachu wote, kipimo kinabaki kimya. Hiki kichupa cha pili kinaurudisha. Dawa ilikuwamo wakati wote."

Salme akakaa juu ya gunia. Wanawake wakamzunguka, mmoja akamfungulia kanga ya kichwani apate hewa, na yeye anasema alichokisikia zaidi ya vigelegele ni moyo wake mwenyewe kupunguza mwendo. "Kama mtu aliyetua kuni," anasema. "Alhamdulillahi. Mwili wote ukawa wangu tena."

Katikati ya furaha ile, Kristofa alifungua mkoba wake akatoa kichupa. Kilikuwa sawasawa na kile cha pili cha Leticia, kizibo chake hakijafunguliwa.

"Ninacho," akasema taratibu. "Nilikuwa nacho siku ileile. Nilidhani ni cha akiba."

Kristofa amekubali jambo hili liandikwe. Anasema asipolisema yeye, kuna kijana mwingine mahali fulani atafunga ghala la watu hivyohivyo.

"Mimi nilisomea uhasibu," anasema. "Niliajiriwa kwenye mambo ya vibali, na vibali navijua. Mtaalamu alipostaafu, kazi ya ukaguzi ikagawanywa kwetu tuliokuwapo. Tulionyeshwa vipimo asubuhi moja, mchana tukawa wakaguzi. Sikuwa na nia mbaya na akina mama wale. Kipimo kilisema haina, nami sikujua kwamba kipimo nacho kina mahali kinapokwama."

Salme hana kinyongo naye. "Adabu alikuwa nayo tele. Alichokosa ni wa kumfundisha," anasema. "Mimi nikimpa mtu bomba bila kumwonyesha, nikamlaumu kwa chumvi mbovu, si nitakuwa mwonevu?"

Lakini Leticia hakuwa amekuja kumfurahisha mtu. Kabla ya kuondoka aliwaambia akina mama ukweli mwingine: chokaa ile hairuhusiwi kwenye chakula. Inachomwa na kila aina ya kuni na haijulikani ina nini ndani. Poda ikome. Chumvi ya juu na ya chini ya kila gunia ichotwe, isiliwe. Ya katikati akaichukua kidogokidogo kutoka magunia mengi, akaenda kuipima maabara kwa kipimo kinachoonyesha kiasi cha dawa, maana rangi peke yake inasema ipo au haipo, haisemi inatosha.

"Ningeikuta haina dawa, ningesaini imwagwe," anasema Leticia, "na nisingemwonea huruma mama Salme."

Anayo sababu. Amezaliwa karibu na Amani, katika familia ya Kilutheri ya wakulima wa iliki. Bibi yake mzaa mama alikuwa na rovu kubwa kama embe, akilifunika kwa kitambaa kila Jumapili akienda ibadani. Enzi hizo chumvi iliyofika milimani haikuwa na dawa. "Ukikaa Moa utaona nafunga kazi ya watu. Mimi naona na shingo za watu wa kwetu. Ndiyo maana hutakiwi kukisia, iwe unafunga au unafungua."

Ghala likabaki na kufuli mpaka majibu ya maabara yalipotoka, nayo yalikuwa mazuri. Dawa ilitosha. Kufuli ikaondolewa siku ambayo mbingu ilikuwa imeshaiva kabisa, na wanawake wakaingia ghalani kuchota poda kabla mvua haijafunga njia ya lori.

Wa kwanza kufika alikuwa Khairat, beleshi begani, hajaitwa na mtu. Wenzake waliokuwapo wanayarudia mazungumzo yale mpaka leo.

"Shoga, chumvi imesema inaomba radhi," Khairat akaanza.

"Na wewe?"

"Mimi nimefuatana nayo."

Salme akamsogezea gunia la kwanza. Wakafanya kazi mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Khairat ndiye aliyenyamaza zaidi.

Chumvi iliyochotwa ilichukuliwa na wakaushaji wa ngozi za ng'ombe, ambao chokaa kwao si tatizo. Iliyobaki ikapanda lori. Nyumba ya Salme ikapita masika bila kukopa sukari, na kwenye harusi iliyofuata upawa wa pilau ukarudi mkononi mwake. Safari hii hakuurudisha.

Sasa kiangazi kimerudi na magunia yanajaa upya. Badala ya poda, kila gunia limevalishwa mfuko wa nailoni kwa ndani, na ghalani kumewekwa uchaga wa mbao ili chumvi isilale chini. Kristofa amekuja mara mbili kupima, mara ya kwanza akiwa na Leticia, ya pili peke yake. Hiyo ya pili alichoma bambo, akauliza maswali mengi mpaka Khairat akamwuliza kama anatafuta mke.

Leticia bado ni mmoja kwa pwani yote. Siku akiwa bandarini, wakulima wa mwani wa Mkwaja wanangoja. Akiwa Mkwaja, maziwa ya mjini yanangoja. Yeye mwenyewe halalamiki sana, ila anasema kazi ikizidi mikono, ndipo hupatikana asubuhi moja ya mafunzo na wakaguzi wa mchana.

Salme amelifikiria hilo akiwa jarubani, ambako nafasi ya kufikiri ni kubwa. Anataka mamlaka ichukue wasichana wa Moa waliomaliza kidato cha nne na kufaulu kemia, iwasomeshe, iwarudishe pwani wakiwa wakaguzi. Anasema haogopi kukaguliwa. "Anayejua akinikuta na kosa, ataniambia kosa liko wapi, nitalitengeneza. Asiyejua anakutisha hata ukiwa na haki. Nyote wawili hamjui, sasa nani amtoe mwenzake gizani?"

Jambo hilo alilipeleka kwenye mkutano wa kijiji uliopita, diwani alipouliza Moa inaomba nini serikalini mwaka huu. Wanaume walikuwa na jibu tayari, barabara, kama mwaka jana na mwaka juzi. Salme akanyoosha mkono, na kundi lote la akina mama wa chumvi likasimama pamoja naye.

"Andika mtaalamu," akamwambia mtendaji wa kijiji. "Wakemia wawili. Mmoja akae Tanga, mwingine azunguke."

Mtendaji akaacha kuandika. Akawauliza kama wana hakika, kwa kuwa barabara wameililia muda mrefu, na wakiitoa kwenye nafasi ya kwanza huenda isirudi.

"Tuna hakika," Salme akasema. "Barabara iweke ya pili. Miguu tunayo."